Uzito Nilioujaza kwenye Fomu

Miezi michache baada ya kustaafu kwangu, Neema, ambaye sasa ndiye fundi mkuu wa karakana yetu pale Gungu, aliniomba niwaandikie kurasa chache ninyi vijana mnaoanza kazi. Alitaka nieleze namna ya kuchagua klachi ya lile lori la milimani, maana kila likianza kuteleza mnanipigia simu nikiwa nimeketi nyumbani Ujiji. Nilikubali upesi, nikidhani ni suala la vipimo. Karatasi hizi nimekaa nazo tangu mwezi uliopita. Kila nikifika kwenye vipimo kalamu inagoma, kwa sababu katika klachi zote nilizowahi kuchagua kuna moja niliyoichagua vibaya huku nikijua, na siwezi kuzungumzia nyingine kana kwamba hiyo haikuwepo. Vipimo vyenu mtavipata, lakini mtavipata pamoja na hayo.

Vyeo nitaviruka, na mshahara pia. Anayetaka kujua mshahara wa fundi atazame viatu vyake.

Nilianzia Ujiji kwa Mzee Sudi, fundi aliyekuwa na kibanda cha mabati na sifa iliyofika hadi Kasulu. Siku ya kwanza hakunipa spana. Baada ya shikamoo alinikabidhi sahani ya klachi iliyoungua, ile duara inayokaa kati ya injini na giaboksi, akaniambia niketi nayo mpaka adhuhuri. Niliinusa, nikaigeuza, nikahesabu ribiti zake. Ilinuka kama ukucha uliotiwa moto. Aliporudi kutoka kuswali akaniuliza imeniambia nini. Nikasema imeungua. Akasema hilo hata mbuzi wa jirani analijua.

Kisha akaketi kando yangu akanifundisha. Sahani iliyolika sawasawa mpaka kwenye ribiti imekufa kwa uzee, izikwe kwa heshima. Yenye mafuta ukingoni, kosa ni la sili inayovuja, na ukibadilisha klachi bila kugusa sili umefanya kazi ya bure. Ile iliyoungua mpaka ikapasuka, na flaiwili inayosuguana nayo ikawa na madoa ya bluu, hiyo imeuawa na mzigo. "Dereva atakudanganya kwa kuogopea kazi yake," aliniambia, "na mwenye gari atakudanganya kwa aibu. Wewe isikilize klachi, halafu uwe na ubavu wa kuyasema iliyokwambia." Nusu ya kwanza ya somo hilo niliishika vizuri sana.

Nilikaa kwake miaka saba. Alinifundisha kulala chini ya gari nikiwa nimefunga kinywa, kwa sababu uchafu wa giaboksi hauchagui pa kuangukia. Siku niliyoondoka alinipa kipande cha shafti ya giaboksi iliyokufa zamani, alichokuwa akikitumia kuiweka sahani katikati kabla ya kukaza boliti za presha pleti, bamba la chuma linaloibana sahani. Wengine hukisia kwa jicho, kisha hupigana na giaboksi nusu siku na kulilaumu lori. Kipande hicho sasa anacho Neema, na akimwazima mtu ambaye hajamwonyesha mikono yake, shauri yake.

Kutoka hapo niliajiriwa na shirika letu, ambalo kazi yake mnaijua: kupeleka dawa na chanjo kwenye zahanati za vijijini. Magari madogo yalikwenda kandokando ya ziwa na bondeni. Lori la foo-wili lilipewa milima, Kalinzi na huko juu, ambako barabara wakati wa mvua huwa na utelezi wa sabuni. Lori la namna hiyo linakula klachi. Mwaka wangu wa kwanza lilikula mbili, nami nikamlaumu dereva wa wakati huo kwa kushikilia gari mlimani kwa hafu klachi, mguu umening'inia juu ya pedeli, wakati breki ya mkono ipo na haidai chakula. Madereva wetu wengi wana ugonjwa huo. Ukiwaambia wanakwambia breki ya mkono ni ya kuegeshea.

Sasa vipimo. Usinunue klachi kwa jina la gari, hata muuzaji akiapa. Ing'oe ya zamani, uipeleke dukani mkononi. Pima kipenyo. Hesabu meno ya tundu la katikati, hesabu mara mbili, na mara ya pili uanzie jino jingine. Niliwahi kuleta sahani yenye kipenyo sawasawa na meno pungufu kwa mawili, na lori likakaa juu ya mawe siku tatu huku mpishi wa ofisini akiniuliza kila asubuhi kama meno yameota. Tazama springi za katikati zisicheze. Badilisha vitu vitatu kwa pamoja: sahani, presha pleti na beringi ya klachi. Ukibakiza beringi ya zamani ili kuokoa kidogo, utalishusha giaboksi tena kabla ya mwezi. Flaiwili yenye mabaka ipelekwe ikachongwe. Haya yote nimeyafanya maisha yangu yote, nikayafanya vizuri, na siyo niliyokosea.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachoamua aina ya klachi, nacho ni uzito wa mzigo. Kwa lori letu kulikuwa na aina mbili. Ya kawaida, ambayo pedeli yake ni laini na huondoka taratibu. Na ile ngumu, yenye vipande vya madini badala ya ngozi na springi zenye nguvu zaidi, ambayo pedeli yake humchosha dereva goti na hushtua giaboksi, lakini haiteketei chini ya mzigo. Zote mbili ziliagizwa Dar es Salaam kwa fomu, na kwenye fomu palikuwa na mstari wa kujaza uzito unaobebwa. Ukitaka ngumu, ujaze uzito unaoistahili. Ukijaza uzito huo, ofisi itauliza unatoka wapi.

Ulitoka Kalinzi. Lori lilipanda na maboksi ya dawa, mepesi, na lilishuka na maharage, kahawa, viazi na ndizi za watu. Hakuna aliyetoza nauli, na nasema hivyo si kwa kujitetea. Ilikuwa desturi. Huku kwetu gari likishuka tupu mbele ya watu wenye mizigo ni sawa na kumpita mtu njiani bila salamu. Mganga wa zahanati alikuwa na gunia lake, mwalimu lake, mlinzi lake, na sisi wa karakanani tuliletewa debe la maharage kila mavuno. Kadi ya lori ilisema tani mbili. Kila mtu pale Gungu aliyekuwa na macho alijua linashuka na zaidi ya tatu, isipokuwa meneja, bwana mmoja mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Au naye alijua akaona heri asiulize. Katika hilo tulifanana.

Dereva wa lori katika miaka hiyo alikuwa Ezekia, Mha wa Simbo, mtu mzima mwenye maneno machache, aliyeosha kioo cha mbele kwa mikono yake kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kukiosha. Huyo hakuwa na ugonjwa wa hafu klachi. Alitumia breki ya mkono kama alivyofundishwa, na alipokuwa akisikia sauti ngeni kwenye giaboksi alikuja kuniigizia kwa mdomo, akiwa na uso mkavu kabisa, mpaka nacheka. Nilimpenda Ezekia. Nataka lijulikane hilo kabla ya yanayofuata.

Mwaka mmoja lori lilianza kuteleza mwanzoni mwa mvua. Nililishusha giaboksi, nikaitoa klachi, nikaona nilichokuwa nimefundishwa kukiona tangu siku ya kwanza. Sahani imepasuka. Flaiwili ina madoa ya bluu pande zote. Mzigo. Nikachukua fomu, nikamwita Ezekia, nikamwuliza kwenye kushuka anabeba kiasi gani.

"Ni kama ilivyoandikwa, mzee," akasema. "Tani mbili."

Hapa lazima niwaeleze jambo kwa wale mliotoka mbali, kwa maana wenyeji wanalijua. Kwetu swali la kwanza ni adabu tu. Mgeni ukimwuliza kama amekula, atasema ameshiba hata kama ametembea tangu alfajiri, na mwenye nyumba hamchukulii neno hilo. Anauliza tena, na jibu la mara ya pili ndilo la kweli. Hata bei, hata ugonjwa, hata habari ya msiba, ukweli hukaa kwenye swali la pili. Anayeuliza mara moja tu ametaka kujibiwa, hakutaka kujua. Ezekia alinijibu, kisha akabaki amesimama, kofia mkononi. Alisimama muda wa kutosha mtu kuuliza tena.

Sikuuliza. Binti yangu alikuwa anaolewa baada ya miezi miwili. Mke wangu ni wa Kalinzi, na shemeji yangu alikuwa ameshatuma habari kwamba magunia matatu ya maharage ya harusi yapo tayari, yanangoja lori. Kama ningejaza tani tatu na nusu, meneja angeuliza, desturi ingekufa wiki hiyo hiyo, Ezekia angepata karipio, na maharage yangu yangebaki mlimani. Nikajaza tani mbili. Nikaagiza klachi laini. Nilijiambia kwamba ile ngumu ingeumiza giaboksi, na ni kweli huumiza. Sikusema uongo hata mmoja siku ile, kila neno langu lilikuwa na ushahidi.

Klachi ilikuja, nikaifunga kwa uangalifu wote. Tulilijaribu lori kwenye mwinuko wa Gungu likiwa tupu, likapanda kama mtu aliyetoka kulala. Ezekia alinipa mkono. Wasaidizi wangu walipiga makofi.

Haikupita miezi miwili. Siku hiyo lori lilikuwa Kalinzi, limeshapakiwa tangu asubuhi, magunia thelathini na mawili na mikungu ya ndizi juu yake, likingoja matope yakauke kidogo. Ndipo kwenye zahanati akaletwa Leokadia, mama kijana aliyekuwa na uchungu tangu usiku, mtoto amekaa vibaya. Mganga akasema afikishwe hospitali ya mjini haraka. Gari lililokuwepo lilikuwa letu. Walitandika godoro nyuma ya kichwa cha lori, kati ya magunia, akapanda na mumewe na mama mkwe wake. Ezekia alitaka kushusha mzigo kwanza. Watu wakasema muda hautoshi, yabaki, twende. Wakaondoka.

Kutoka Kalinzi barabara hushuka, lakini haishuki moja kwa moja. Kuna mahali inaingia bondeni kwenye kijito, kisha inapanda mlima mkali upande wa pili kabla ya kuendelea. Kwenye mlima huo, katikati ya matope, harufu iliwafikia waliokuwa nyuma kabla haijamfikia dereva. Injini ikanguruma na magurudumu yakasimama. Ezekia alilirudisha lori mpaka chini kwa breki, akajaribu tena, na safari hiyo halikusogea kabisa. Ndipo wakashusha magunia, yote thelathini na mawili, na lori likiwa jepesi halikusogea pia, kwa sababu hakukuwa tena na kitu cha kulisogeza. Walimbeba Leokadia kwenye machela ya miti mpaka kijiji cha juu, wakapata pikipiki, akakalishwa katikati ya watu wawili. Alifariki kabla hawajafika kwenye lami, na mtoto hakuwahi kuzaliwa.

Nilikwenda kulivuta lori kesho yake asubuhi. Magunia yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, yamefunikwa kwa majani ya migomba. Matatu yalifungwa mdomo kwa vipande vya kitenge nilichokifahamu, maana shemeji yangu alipewa na mke wangu mwenyewe. Ezekia alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori tangu jana yake. Alisimama akanisalimu kama kawaida. Hakusema lolote kuhusu magunia, nami sikusema. Kabla ya jua kupanda, wenyewe walikuja wakayachukua kimya kimya, mtu na lake, na yangu yalisafirishwa kwa bodaboda moja moja. Gari la ofisi lilipofika na meneja, barabara ilikuwa tupu.

Harusi ilifanyika baada ya wiki mbili. Maharage yalitosha. Ezekia alikuja, akiwa ameshasimamishwa kazi, akaketi kwenye mkeka wa nyuma, akala.

Meneja aliniita, akanitaka niandike taarifa ya fundi juu ya sababu ya klachi mpya kuungua. Alikuwa na huzuni ya kweli, alikuwa amekwenda mazishini. Niliandika ukurasa mzima. Niliandika kipenyo, niliandika meno, niliandika kwamba sahani ilikuwa ya aina iliyoagizwa kwa uzito ulioandikwa. Mwishoni palibaki nafasi ya sababu, nikaandika kwamba klachi iliungua kwa dereva kushikilia gari mlimani kwa hafu klachi. Lori likigoma kwenye matope kila dereva duniani hufanya hivyo, kwa hiyo hata sentensi hiyo ilikuwa na ushahidi. Niliisahihisha tahajia, nikatia sahihi. Ezekia alifukuzwa kwa uzembe. Walimsomea taarifa yangu, naye hakuipinga kwa neno, kwa sababu njia pekee ya kuipinga ilikuwa kutaja magunia ya mganga, ya mwalimu, ya mlinzi na ya fundi mkuu.

Nilifanya kazi miaka sita baada ya hapo. Mliokuwapo mnanikumbuka kama fundi mkali juu ya uzito, niliyewapimisha magunia kwenye mizani na kuwakataza madereva kubeba hata mkungu wa ndizi. Mlinisema nimezeeka vibaya. Klachi ngumu niliiagiza mwezi ule ule wa msiba, nikajaza tani tatu na nusu, na hakuna mtu ofisini aliyeuliza. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko jambo lolote maishani mwangu. Pengine hata mara ya kwanza hakuna ambaye angeuliza.

Siku ya kuniaga mlinipa mabati na saa ya ukutani, na meneja mpya akasema sijawahi kuwa na doa. Nilirudi nyumbani nikaandika barua. Nilieleza yote, fomu, magunia na taarifa, nikaomba jina la Ezekia lisafishwe. Meneja mpya alinipokea kwa heshima, akanikalisha, akanisomea jibu: suala hilo lilifungwa kabla hajaja, na hana mamlaka ya kulifungua. Alinishauri nipumzike.

Basi nikaichukua nakala ya barua, nikaenda Simbo. Ezekia sasa analima mihogo, hakupata tena mtu wa kumpa gari. Alinikaribisha, mkewe akaleta maji ya kunawa. Nilimsomea barua yote mpaka mwisho. Nilipomaliza akasema, "Siku ile ya fomu nilisimama pale, mzee. Nilikuwa nangoja uniulize tena."

Nikamwambia najua. Nikamwambia nilijua hata wakati ule. Nilimwomba radhi, naye akaitikia "Ego" kwa Kiha, neno linaloweza kuwa ndiyo na linaloweza kuwa nimesikia. Nikamwuliza nimfanyie nini. Alisema kazi haitaki tena, macho yameisha. Ila sokoni Mwandiga hukutana na mume wa Leokadia, na miaka yote hii bwana yule humpita bila salamu, huvuka upande wa pili wa barabara. Amewaambia watu kwamba Ezekia ndiye aliyemuua mkewe.

"Nenda ukamwambie habari ya klachi," akasema. "Nataka tu anisalimie."

Nilipanda Kalinzi. Kahawa ilikuwa bado mtini. Nilimkuta bwana huyo, ambaye jina lake naliacha, akitengeneza vichanja vya kuanikia, akiwa peke yake. Nilijitambulisha, tukasalimiana vizuri, akanipa kigoda. Nilimwambia mambo yote kwa mpangilio, kama ninavyowaandikia ninyi. Nilimweleza kwamba klachi aliyopewa Ezekia ilikuwa ya uzito wa uongo, kwamba uongo ule niliuandika mimi, na kwamba juu ya lori lile palikuwa na magunia yangu matatu. Nilingoja anipige. Nadhani nilikuwa nimepanda mlima ule kwa ajili ya hilo.

Aliendelea kufunga kamba kwenye kichanja. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba gunia moja la kahawa lilikuwa lake. Alikuwa amelipakia asubuhi, kabla uchungu wa mkewe haujazidi. Ezekia aliposema mzigo ushushwe, watu walikuwa tayari kuushusha.

"Mimi ndiye niliyesema yabaki," akasema. "Nilisema muda hautoshi. Mpaka leo sijui kama nilisema kwa ajili ya mke wangu au kwa ajili ya kahawa."

Fundi akikuta kilichovunjika hutafuta kingine cha kuweka mahali pake, na pale hapakuwa na kitu. Tulikaa wazee wawili tukitazama kamba. Baadaye alisema Ezekia alimsikia siku ile, na hakuwahi kumtaja kwa mtu, na ndiyo sababu hawezi kumtazama usoni. Akasema atakwenda Simbo mwenyewe, kahawa ikishatoka mtini. Aliniomba nisimwambie Ezekia lolote kabla hajafika, ili apate kuyasema kwa kinywa chake. Nilikubali. Mimi nilijipa miaka sita, ningewezaje kumnyima mwenzangu miezi mitatu.

Kahawa imechumwa, imekauka, imeshaondoka. Ijumaa iliyopita baada ya swala nilikwenda Simbo, nikamkuta Ezekia akimenya mihogo. Tulizungumza habari za mvua na za magoti yetu. Nilipoinuka kuaga nilimwuliza kama siku hizi amepata mgeni yeyote kutoka Kalinzi. Akasema hapana, hajapata. Akaweka kisu chini, akaniuliza nilikuwa namtegemea nani.

Nikamwambia hakuna mtu.